Moyo wa Cheche na Koki ya Alfajiri

Tii. Tii. Tii.

Tone la maji lilikuwa linaangukia sufuria jikoni. Nje bado giza. Mama Cheche alifumbua macho, akajua maji yamekuja. Mtaani kwao maji huja kwa nguvu alfajiri, mchana yanakuwa membamba kama uzi. Akamgusa mumewe begani.

"Baba Cheche, unaisikia koki yako?"

"Ile koki haina neno," mumewe alijibu, macho bado yamefumbwa. "Niliikagua jana mchana. Hata tone."

"Fundi bomba wa mtaa mzima, halafu kwako panavuja. Nitaficha wapi uso wangu?"

"Iambie ipange foleni kama wateja wengine."

Wakacheka kidogo. Kisha wakatega sikio. Wote wawili walikuwa wanasikiliza mtoto anavyopumua chumba cha pili.

Cheche lilikuwa jina la utani. Binti yao alikuwa darasa la tatu, na hakujua kutembea. Alijua kukimbia tu. Lakini mwaka huo alikuwa ameanguka mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa kwenye mbio za shule. Mara ya pili alikuwa anakimbilia dukani, mbwa akabweka ghafla nyuma ya geti. Mara zote alizimia, akazinduka baada ya muda mfupi, akaomba maji.

Walimpeleka zahanati ya karibu. Akalazwa kitandani, akabandikwa nyaya kifuani, mapigo yakachorwa kwenye karatasi. Wakaambiwa moyo ni mzima. Labda mtoto alikuwa na njaa.

"Mnamdekeza," alisema wifi yake Mama Cheche alipokuja kuwatembelea. "Mtoto mnamshika kama yai. Kwetu sisi watu ni chuma."

Baba Cheche akakubaliana na dada yake. "Anahitaji mazoezi. Moyo ni kama mkono. Ukiutumia, unakaza."

Basi kila jioni akirudi kazini, alimkimbiza binti yake kuzunguka uwanja wa nyumba. Mama Cheche aliwatazama kutoka mlangoni, roho juu juu. Lakini angesema nini? Zahanati walishasema moyo ni mzima.

Jioni moja Cheche alikuwa mbele, anacheka. "Baba, hunikamati leo." Ghafla kicheko kikakatika. Akaanguka kama nguo iliyochomoka kwenye kamba. Baba yake alipomfikia, midomo ilikuwa imebadilika rangi. Alipiga magoti, akamwinua kichwa. Alimwita. Akamwita tena. Ndipo mtoto akavuta pumzi.

Safari hii walikwenda hospitali kubwa, kliniki ya moyo. Walipokelewa na muuguzi wa makamo, mwenye sauti ya taratibu.

"Mama, huwa anaanguka akiwa anafanya nini?"

"Akikimbia, dada. Au akishtuka sana. Akiwa amekaa, hapana, hata siku moja."

"Na kwenye ukoo, kuna kijana aliyefariki ghafla?"

Mama Cheche alitikisa kichwa. Mumewe alitazama sakafu.

"Kaka yangu," alisema. "Alizama mtoni. Ajabu ni kwamba alituzidi sote kuogelea. Tukasema maji yamemchukua."

Muuguzi aliyaandika hayo. Alimwita daktari. Cheche akabandikwa nyaya tena, lakini sasa akiwa anatembea juu ya mashine yenye mkanda unaozunguka, daktari amesimama kando yake. Mkanda ulipoongezwa kasi, mapigo yaliyokuwa yanakwenda vizuri yakaanza kuvurugika. Wakausimamisha mara moja.

Baadaye muuguzi aliwaketisha wazazi.

"Kila mtu hurithi maelekezo ya kuujenga mwili wake, mengine kwa baba, mengine kwa mama. Maelekezo hayo huitwa jeni. Kuna jeni inayoelekeza jinsi ya kutengeneza vilango vidogo sana ndani ya moyo. Vilango hivyo huruhusu madini ya kalsiamu kupita, ili moyo ujue wakati wa kubana na wakati wa kulegea. Tunadhani jeni hiyo kwa Cheche ina kosa. Akipumzika, vilango vinafunga vizuri. Akikimbia au akiogopa, mwili unausukuma moyo kwa nguvu, na vilango vinavuja. Moyo unapiga ovyo, damu haifiki kichwani, anazimia. Usipotulia mapema, anaweza kufa."

Mama Cheche alikunja kitambaa chake mkononi, akakikunjua.

"Kama koki yetu," alisema.

Mumewe akageuka kumtazama.

"Inavuja alfajiri, presha ikipanda. Wewe unaikagua mchana."

"Kwa hiyo kule zahanati walimpima amelala," alisema fundi polepole. "Hakukuwa na presha."

"Ndivyo hasa," alisema muuguzi. "Sasa tutawapima damu ninyi wote. Wakati mwingine kosa huanza kwa mtoto mwenyewe. Lakini mzazi akiwa nalo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kulirithi. Si uchawi, wala si kosa la mtu."

Siku za kusubiri majibu, Mama Cheche hakulala vizuri. Maneno ya wifi yake yalimrudia. Kwetu sisi watu ni chuma. Je, ikiwa jeni hiyo imetoka kwangu?

Majibu yakaja. Cheche alikuwa na jeni ile yenye kosa. Ilitoka kwa baba.

"Mimi?" alisema fundi. "Nabeba mabomba begani kutwa. Nimeanguka lini?"

"Wengine huishi nayo miaka bila dalili," alisema muuguzi. "Hatari ipo hata hivyo. Huenda kaka yako naye alikuwa nayo, akazimia majini. Na dada yako naye aje apimwe."

Nje kwenye korido fundi alisimama, mgongo ukutani. "Nilimkimbiza mwanangu mwenyewe."

Mama Cheche alikuwa na mengi ya kusema, ya hofu yake pale mlangoni na ya maneno ya wifi. Aliyaacha. Aliushika mkono wake mgumu. "Hukujua. Na mimi sikujua. Twende kwa mtoto."

Tangu hapo Cheche anameza dawa ya kutuliza moyo kila siku, bila kuruka hata siku moja. Hashindani mbio, haogelei. Anatembea na wenzake, na kwenye mbio za shule yeye ndiye anayepuliza filimbi, tena kwa sauti ya kuziba masikio. Walimu wamefundishwa kukandamiza kifua cha mtu aliyezimia na asiyepumua, huku wakiita msaada. Wifi alipimwa, akakutwa salama. Siku hizi maneno ya chuma hayasikiki.

Baba Cheche naye alipimwa kwenye mkanda, akapewa dawa zake. Asubuhi za kwanza alizificha nyuma ya kopo la sukari, akiona haya kuzimeza.

Kisha ikaja alfajiri moja, jikoni kimya kabisa. Maji yalikuwa yamekuja, lakini koki haikutoa hata tone. Fundi alikuwa ameifungua vipande kabla maji hayajaja, akaibadilishia mpira wa ndani. Mama Cheche alitabasamu, akamimina maji kwenye vikombe viwili. Cheche akameza kidonge chake, akafuta mdomo, akamtazama baba yake aliyekuwa anafunga begi la spana.

"Baba, bado hujameza yako."