Shati la Mikono Mitatu

Jumamosi, tarehe tisa Machi. Mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na bati la kibanda cha ushonaji lilivuja penye mlango. Sindano aliweka ndoo chini ya tone kubwa, akafuta cherehani, kisha akatunga uzi. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Mama yake, fundi cherehani, alipenda kusema kwamba binti huyu mwembamba angeweza kuona tundu la sindano hata gizani.

Kibanda kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Nyuma ya pazia alilala baba, mlinzi wa ghala, aliyetoka zamu ya usiku. Kwa hiyo asubuhi watu waliongea kwa kunong'ona, na ni cherehani peke yake iliyoruhusiwa kupiga kelele.

"Umeamkaje, mama?"

"Kichwa, mwanangu. Tangu jana kinagonga kama nyundo." Mama alifinya macho. "Na taa hii mbona ina ukungu?"

Taa haikuwa na ukungu. Sindano alilitupia jicho kopo la vifungo juu ya rafu. Wiki iliyopita, akitafuta kifungo cheupe, alikuta humo vidonge vya presha vya mama, pakiti nzima, havijaguswa.

"Kichwa kikinyamaza, dawa ya nini?" mama alikuwa amemwambia. "Na usimwambie baba yako. Mtu anakesha kazini, ukimpelekea habari kama hizi utampa presha na yeye. Niahidi."

Sindano akaahidi.

Sasa kinyozi wa jirani aliingia, akikung'uta mvua mabegani. "Fundi, shati langu tayari?"

Mama alimkabidhi. Kinyozi alilikunjua, akaligeuza huku na huku. Lilikuwa na mikono miwili, na wa tatu ulikuwa umeshonwa mahali pa kola.

"Fundi, umenishonea au umemshonea pweza?" Kinyozi aliangua kicheko. "Au umeona kazi ya kunyoa inahitaji mkono wa akiba?"

Sindano naye alicheka. Lakini mama alilitazama shati kana kwamba halina kosa lolote.

"Nipe kile... kile kijiko, nikate uzi," alisema, akinyoosha kidole kwenye mkasi.

Kicheko kikakauka.

"Dada, u mzima wewe?" kinyozi aliuliza.

"Mzima. Nyamazeni, mtamwamsha." Kisha mama aliinamia ndoo ya mvua, akatapika.

Sindano aligeukia kule alikolala baba. Pazia lilikuwa karibu, angeweza kuligusa. Ee Mungu, aliomba moyoni, nikisema nimevunja ahadi, na nikinyamaza... Sala ikakatika, maana mama alikuwa amemshika mkono.

"Uliniahidi," mama alinong'ona. Macho yake yalimwelekea bintiye lakini hayakumwona. Yalitazama kando ya sikio lake, kwenye ukuta mtupu.

Macho hayo yalimtisha kuliko kuvunja ahadi. Alijinasua, akalivuta pazia kwa nguvu.

"Baba! Amka, baba! Mama hajameza dawa za presha! Ziko kwenye kopo la vifungo!"

Baba alitoka akiwa amepishanisha vifungo vya shati, kiatu kimoja mkononi. Hakuuliza mara mbili. Kinyozi alikuwa ameshatimka barabarani kusimamisha teksi, na wote wanne wakapanda. Njia nzima mama aliegemea bega la baba, akitamka maneno yasiyoshikana. Sindano alilikumbatia lile kopo. Kila gari liliporuka shimo, vifungo viligongana ndani, naye aliomba: usimchukue, usimchukue.

Hospitalini daktari wa zamu alifunga mkanda wa kipimo mkononi mwa mama, akasoma, akamwita muuguzi kwa sauti iliyomfanya baba asimame wima. "Dawa aliacha lini?" Sindano akajibu yote. Kisha pazia jingine, jeupe, likafungwa mbele yao.

Wakakaa kwenye benchi. Baba alifungua vifungo alivyopishanisha, akavifunga upya.

"Ulijua?" aliuliza.

"Tangu wiki iliyopita. Aliniambia nitakupa presha." Sindano alishindwa kujizuia. "Baba, atakufa?"

Baba alimvuta karibu. "Tuombe, mwanangu." Lakini hakusema hapana.

Daktari alipotoka, alisema dawa inapita kwenye mshipa polepole. "Ubongo wake umezoea msukumo mkubwa. Tukishusha presha ghafla, utakosa damu ya kutosha."

"Kwa nini aliuita mkasi kijiko?" Sindano aliuliza.

Daktari alichuchumaa mbele yake. "Wewe ni mtoto wa fundi. Mto ukijazwa pamba kupita kiasi, nini huachia kwanza?"

"Mshono."

"Basi. Mishipa midogo ya ubongo ina ukuta wa chembe hai zilizoshonana kwa kubana sana. Oksijeni inayoletwa na chembe nyekundu hupita, na sukari hupita, lakini chembe zenyewe na vitu vingi vya kwenye damu hubaki ndani ya mshipa. Presha ikipanda kidogo, mishipa hujibana yenyewe, ubongo usielemewe. Ikipanda mno, inashindwa. Mshono unalegea, maji ya damu yanavuja, ubongo unavimba. Ndipo mtu anaona ukungu, na mkasi unakuwa kijiko."

"Lakini damu si ni nzuri?"

"Chumvi ni nzuri kwenye mboga. Ukiitia jichoni?"

Kinyozi alikunja uso kana kwamba imemwingia yeye.

"Mshipa ungepasuka, chembe za damu zikamwagika kwenye ubongo," daktari aliendelea, "sijui kama tungemuokoa. Ulipiga kelele kwa wakati."

Kesho yake mama alikuwa ameketi kitandani, baba, Sindano na kinyozi wakimzunguka. Daktari alichukua mkasi kwenye trei ya muuguzi. "Hiki nini?"

"Mkasi," mama alisema. "Tena butu."

Baba alicheka huku akifuta machozi. Mama akamgeukia bintiye. "Ulivunja ahadi."

"Nisamehe, mama."

"Usiombe msamaha kwa hilo," daktari alisema. "Habari mbaya humshtua mtu, na mshtuko hupita. Lakini ugonjwa ukifichwa haupoi. Presha haibishi hodi. Unaweza kujisikia mzima, kumbe inapanda. Na ahadi inayoogopa kusikiwa na mtu wa pili, mwanangu, ichunguze kabla hujaitoa."

Mama aliwapungia mkono. "Basi nitatoa isiyoogopa. Sogeeni wote."

"Mimi shahidi," kinyozi alisema, lile shati likiwa begani. "Nina mikono mitatu ya kuinua."

Mama aliushika mkono wa Sindano, safari hii bila kuubana, akasema kwa sauti iliyofika mpaka vitanda vya jirani:

"Mbele yako mume wangu, mbele yako jirani, na Mungu anasikia: kila asubuhi dawa itapita kinywani mwangu kabla uzi haujapita kwenye sindano. Nikiumwa, nitasema. Na mwanangu huyu sitamfunga mdomo tena."