Kiti cha Mfuatiliaji

Penseli ilianza kukwaruza saa nne asubuhi, upande wa pili wa meza, mahali ambapo hapakuwa na mtu wala penseli.

Msahihishaji aliisikia, akaipuuza, akageuza ukurasa. Ungetaka afanye nini? Mkononi alikuwa na riwaya mpya kabisa, haijasomwa na yeyote ila mwandishi mwenyewe na mpanga kurasa, na mpanga kurasa hahesabiki, maana yeye hupanga maneno kama mtu anayepanga matofali. Pale kiwandani kwao, kiwanda cha kuchapa vitabu, walimwita Bi Limbuko. Kitabu kipya kikifika, kiwe cha hadithi au cha mashairi, lazima akionje yeye kwanza. Wala hakufuata visa. Vita na mafuriko havikumshughulisha. Alipenda watu. Mpe mjane kama yule wa riwaya hii, anayewadanganya wanawe watatu kila asubuhi kwamba bado anakwenda kazini, na Bi Limbuko atamjua mjane huyo kuliko anavyowajua majirani zake, atamsema vibaya wakati wa chai, atamtetea akisemwa na wengine. Wenzake walimtania kwamba siku moja atamkaribisha mhusika ndani na kumsahau mumewe mlangoni.

Kazi ya prufu pale ilifanywa na watu wawili. Mmoja husoma muswada kwa sauti, mwenzake hufuatilia kwenye karatasi zilizopigwa chapa, penseli mkononi. Kila mwanzo wa ukurasa msomaji huuliza, "Upo?" na mfuatiliaji hujibu, "Nipo," ndipo waendelee, kwa sababu mtu anaweza kusinzia macho yakiwa wazi. Kwa miaka kumi na miwili mfuatiliaji wake alikuwa Mzee Penseli, aliyestaafu Ijumaa. Siku ya kuaga mzee alikipindua kiti chake juu ya meza, miguu ikaangalia dari.

"Mwanangu," alisema, "mpaka aje wa kushika nafasi yangu, usikishushe. Na usisome kwa sauti ukiwa peke yako."

Bi Limbuko alicheka. Alidhani mzee anaona uchungu kukiachia kiti.

Jumatatu riwaya ikafika, na wa kushika nafasi alikuwa aje Alhamisi. Nani angengoja mpaka Alhamisi na mjane yupo mezani? Bi Limbuko alikishusha kiti apate pa kutandaza karatasi, akaanza kusoma kwa sauti kama alivyozoea, na alipofika ukurasa wa pili mdomo wake ukauliza wenyewe, "Upo?"

Hakujibiwa. Ila penseli ndiyo ikaanza.

Ukurasa wa arobaini aliuliza tena, safari hii kwa kusudi.

"Nipo," kikasema kiti.

Ilikuwa sauti kavu, ya mtu anayesema huku ana karatasi mdomoni, na pamoja nayo ikaja harufu ya wino mbichi na ya kitu kinachoungua polepole, kama nywele. Mwili ulimsisimka toka kisogoni hadi visiginoni. Alitaka kukimbia. Lakini, na hapa ndipo ninapomlaumu, alitaka pia kujua mjane atafanya nini. Akaendelea kusoma.

Na yule wa kitini alikuwa msikilizaji! Hakusinzia hata mstari mmoja. Aliuliza kwa nini mjane anavaa saa iliyosimama, mtoto wa kati anamwogopa nani, na yote hayo ni maswali ambayo Bi Limbuko alikuwa akiyauliza watu miaka yote na wao wakitazama pembeni. Kufikia saa tisa riwaya iliisha.

"Wameisha?" kiti kikauliza.

"Wameisha."

"Wengine."

Akachukua diwani ya mshairi chipukizi iliyokuwa ikingoja zamu, akasoma mashairi kumi na moja, mazuri ya kumtoa mtu machozi. Kiti kilisikiliza, kisha kikanong'ona, "Hawa ni wembamba. Wengine."

"Leo sina tena," akasema Bi Limbuko. Hofu ilikwisha kupungua, na katika ile raha ya kumpata mtu anayependa anachokipenda, akacheka na kuongeza, "Labda yule wa nyumbani kwangu. Huyo ungemsikia, kitabu kizima hakimtoshi."

Penseli ikaacha kukwaruza.

Wa nyumbani alikuwa bintiye wa pekee, mwenye miaka minane, ambaye wote walimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo. Jumatano alasiri, Bi Limbuko alipofungua mlango wa mbele, alimsikia mwanawe chumbani akisimulia, "...na viatu vyekundu alinipa bibi, kimoja kikaanguka chooni, nikamwambia mama ni paka." Kisha kukawa kimya, na katika ule ukimya penseli ikakwaruza, kwa haraka, kwa uchu.

Alimkuta mtoto amekaa sakafuni, ameelekea kiti cha kusomea. Chumba kizima kilinuka nywele zinazoungua.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na huyu anayeuliza."

"Anauliza nini?"

"Mimi ni nani."

Akamnyakua, akamtoa mpaka uani kwenye jua, akapiga magoti mbele yake. "Niambie, viatu vyekundu alikupa nani?"

Chiriku akamtazama kwa adabu. "Viatu gani?"

Bi Limbuko na mumewe wakakitoa kiti kile nje, wakakipasua kwa shoka. Mtoto akahamia kuongea na kitanda. Alhamisi hakumjua mwalimu wake. Ijumaa alipita mbele ya baba yake, fundi wa majokofu, asimwamkie, na baba mtu, aliyekuwa akisema ni utundu tu, akatua kikapu chake cha vifaa na kukaa chini. Jioni hiyo mtoto alikuwa hasemi tena isipokuwa akiwa peke yake, na wazazi wake wakisimama nje ya mlango walisikia kile kisauti kikisimulia, kikisimulia bila kupumua, kila neno likitoka na lisirudi, huku ile sauti kavu ikimhimiza taratibu, kwa upole unaotisha kuliko ukali, "Na mama yako? Bado hujaniambia habari za mama yako."

Jumamosi asubuhi walikuwa sebuleni kwa Mzee Penseli.

Mzee hakuuliza mengi. Aliwaonyesha picha ukutani: yeye akiwa kijana, suti kubwa kuliko mabega, na kando yake bibi arusi anayecheka.

"Huyu naambiwa ni mke wangu," alisema.

Bi Limbuko akageuka kutoka kwenye picha. "Unaambiwa?"

"Na mimi nilikuwa na pupa ya vitabu vipya, mwanangu. Niliita kiti kitupu. Yule ni jini, kazi yake ni kula watu, na mtu kwake ni zile habari zake. Akamshika mke wangu akawa anajisimulia mwenyewe, kidogo kidogo. Akimaliza, mtu anabaki kama gamba."

"Anatolewaje?"

"Hatolewi kwa moshi wala maji. Anashibishwa, basi. Akisimuliwa mtu mmoja mzima, kwa mpigo mmoja, na anayempenda kuliko wote, anaondoka, na zile habari alizokwisha kumla mtu huyo anazitapika, zinamrudia. Ila yule aliyesimulia..." Akaitazama picha. "Wanasema huyu alipona, akakaa na mimi mwaka mzima. Alijitahidi sana."

"Nitasimulia mimi," mume akasema.

"Wewe hukumwita," akajibu mzee. "Aliyeita ndiye anayelisha."

Njiani mume alimshika mkono kwa nguvu. "Tutakusimulia upya, Mama Chiriku. Kila siku. Mpaka ukubali."

"Mtanisimulia," alisema, na alikuwa anaogopa mpaka meno yanagongana.

Kiwandani mashine zilikuwa zimezimwa. Mume alibaki ukumbini na mtoto, aliyeegemea ukuta macho yakiwa matupu. Mzee Penseli alikiweka kiti upande wake wa meza, akasimama mlangoni. Bi Limbuko akakaa. Mbele yake hapakuwa na karatasi hata moja.

"Upo?"

"Nipo," kikasema kiti, na harufu ikajaa.

Alianza na mvua ya siku ile, na gari lililokwama, na mkunga aliyekuwa na mafua, na mtoto aliyetoka miguu mbele kana kwamba ana mahali pa kuwahi, na neno la mwisho lilipomtoka akajikuta anaikumbuka mvua lakini hajui ni nani aliyekuwa amezaliwa, akataka kusimama, akakumbuka yale macho kule ukumbini, akaendelea, akasimulia jino la kwanza na homa ya siku tisa, wimbo wa kijinga waliokuwa wakiimba wakiosha vyombo, kovu la gotini, woga wa mbuzi, jinsi alivyomwambia siku moja kwenye foleni ya benki kwa sauti kubwa kwamba mama ananukia vizuri, na kila kitu kilimtoka kikiwa na uzito wake na joto lake, na penseli ikakwaruza kwa kasi mpaka meza ikatetemeka, na machozi yakawa yanamtiririka huku hajui tena analilia nini, mpaka likabaki jina, si la utani bali lile alilompa mwenyewe hospitalini, akalishika ulimini kadiri alivyoweza, kisha akalisema.

Kiti kilianguka chali. Harufu ikakatika.

Kule ukumbini sauti ya mtoto ikalipuka, "Baba! Mbona tuko kazini kwa mama? Leo si Jumamosi? Mama yuko wapi? Nina njaa!" Mlango ukasukumwa, na msichana akaingia mbio, akamrukia Bi Limbuko mapajani, akamkumbatia shingoni.

Bi Limbuko aliinua mikono asimguse. Alikuwa msichana mzuri, mwenye pengo mbele na kovu gotini, na kwa sekunde moja ilimjia ile hamu ya kurasa za kwanza: huyu ni nani, na kwao ni wapi? Mumewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba..." Bi Limbuko akaanza kumwita mumewe kama kawaida yake, akakwama. Hakujua amwite baba nani.

"Mume wangu," akasema mwishowe, "huyu ni mtoto wa nani?"

Msichana akajitenga, akamtazama usoni kwa muda mrefu, halafu akaanza kulia bila sauti. Bi Limbuko alimpapasa mgongoni mara mbili. Alimwonea huruma sana, mtoto wa watu.