Mwanamke Aliyefua Sweta la Kijani

Asubuhi hiyo kaka yangu Zabroni alikunywa uji wa shayiri uliotiwa chumvi badala ya sukari, akavaa viatu vya kuazima, akatoka kwenda kupanda mlima. Ilikuwa Agosti 2016, na alikuwa Uskochi. Haya alinisimulia mwenyewe, mezani jikoni kwangu hapa Hilliard, Marekani, na alinisimulia mara moja tu.

Labda mtajiuliza mpakia mizigo wa ghala la Okolona, kule Louisville, alifuata nini Uskochi. Alifuata mwaliko. Tulipokuwa wakimbizi kambini Mtabila, mkoani Kigoma, kulikuwa na muuguzi Mzungu tuliyemwita Mama Margareta. Ndiye aliyemzalisha wifi yangu Angelika, mke wa Zabroni, mtoto wake wa kwanza. Alipostaafu alirudi kwao, kwenye kijiji kando ya ziwa refu jembamba lililobanwa na milima pande zote. Kule ziwa wanaliita loch. Kila Krismasi alimwandikia Zabroni: njoo nikuonyeshe kwetu. Zabroni alipopata uraia na pasipoti ya Marekani, akaomba likizo ya wiki mbili, akaenda.

Alifurahi kama mtoto. Alinipigia simu siku ya pili, anacheka. "Joselyne, watu wa huku wanapanda milima bure! Hawafuati kuni, hawana shamba huko juu. Wanafika kileleni, wanakula mkate, wanashuka."

Siku ile walipanda wawili, yeye na Margareta. Njiani yule mama alimwonyesha mahali na visa vyake. Pale, farasi wa majini aliwabeba watoto mgongoni, viganja vyao vikagandamana na manyoya, akazama nao. Pale chini, kijito kinapoingia ziwani, hukaa mfuaji.

"Mfuaji gani?"

"Mwanamke aliyefariki akijifungua, kabla siku zake hazijatimia. Mpaka zitimie, anafua. Anafua nguo za mtu atakayekufa."

"Unaamini hayo, Mama?"

Margareta alikuwa amezalisha wanawake wengi kambini, na baadhi yao aliwasindikiza makaburini. Akajibu bila kusimama: "Nikiwa peke yangu, sipiti pale."

Zabroni alikuwa mlokole. Alitabasamu kwa adabu, wakaendelea.

Walipokuwa wakishuka, kama saa nane mchana, ukungu uliteremka. Goti la Margareta likaanza kumsumbua. Akaketi juu ya mwamba, akamwomba Zabroni atangulie kijitoni ajaze chupa ya maji. Ilikuwa hatua hamsini tu. Zabroni alipogeuka nyuma, hakumwona tena.

Akasikia maji. Akayafuata.

Mwanamke alikuwa ameinama kwenye jiwe. Mdogo wa umbo, nguo zake rangi ya majani makavu. Alikuwa anapiga kitu juu ya jiwe. Anainua, anapiga. Anainua, anapiga. Maji ya kijito yalisikika vizuri kabisa. Kipigo hakikusikika.

Zabroni alisema habari za mchana kwa Kiingereza. Hakujibiwa. Akasogea. Ndipo alipoona anachofua.

Lilikuwa sweta la kijani, lenye mstari mwekundu kwenye mikono yote miwili.

Hapa lazima niwaeleze. Mwaka 2008, tulipopata safari ya Marekani, mama yetu alikuwa amesikia huku kuna baridi ya kuua. Alifumua masweta ya mitumba, akakusanya nyuzi, akawafumia wanawe wawili, Leopoldi mkubwa na Zabroni anayemfuata. Mimi nilipata kofia, maana nyuzi ziliisha. Masweta hayo yalikuwa mawili tu, kijani kibaya, na mstari mwekundu kwenye mikono. Hakuna duka duniani lililouza kitu kama kile.

Zabroni alifungua zipu ya koti lake. La kwake alikuwa amelivaa.

Basi lile ni la Leopoldi.

Mwanamke aliacha kupiga. Akalikamua taratibu, akalishika kwa mabega, akalinyoosha mbele yake kama mama anayempima mtoto nguo. Hakugeuka. Ukungu ukapita kati yao. Ulipoondoka, palikuwa na jiwe na maji tu.

Margareta alimkuta amesimama palepale, chupa imeanguka. Alimtazama usoni. Hakumuuliza ameona nini. Alinong'ona tu, "Za nani?"

"Sweta la kaka yangu," Zabroni akasema.

Alikuwa hajazungumza na kaka yake kwa karibu miaka miwili.

Mama alifariki Louisville mwezi wa Novemba 2014. Leopoldi anaishi Buffalo, na juma lile theluji ilianguka huko kwa namna ambayo haijasahaulika. Alipiga simu akasema barabara zimefungwa, hawezi kufika. Lakini mtaa wake uko North Buffalo, na jirani yake mmoja aliweka picha mtandaoni: theluji haikufika hata kwenye vifundo vya miguu. Zabroni aliiona picha hiyo tukiwa tunarudi kutoka makaburini. Tangu hapo jina la Leopoldi halikutajwa nyumbani kwake. Wifi Angelika alijaribu kuwapatanisha, nami nikajaribu. Zabroni alikuwa na jibu moja: "Hakuja kumzika mama."

Sasa alimpigia kutoka sebuleni kwa Margareta. Mara mbili simu haikupokewa. Ya tatu ikapokewa.

"Zabroni?"

"Kaka. Uko salama?"

"Niko kazini. Kuna nini?"

"Nikirudi tukutane kwa Joselyne. Nakuomba. Na uendeshe polepole."

Walikuja Jumamosi ya pili ya Septemba, mmoja kutoka kaskazini, mwingine kutoka kusini. Nilipika ugali, maharage na dagaa. Walikula macho kwenye sahani, kama watoto waliochapwa. Kisha Zabroni akanawa mikono, akasimulia yote niliyowaambia.

Alipomaliza, Leopoldi akauliza, "Mstari mwekundu?"

"Mikono yote miwili."

Leopoldi akaliangalia sweta alilovaa mdogo wake, kisha akaangalia meza. "Ile siku ya mama," akasema, "nilitoka nyumbani alfajiri. Kwetu theluji ilikuwa kidogo, kweli. Upande wa kusini ndiko ilikoshuka. Nilikwama barabara kuu, magari mia mbele yangu, mia nyuma. Siku nzima na usiku wake. Gari la kando yangu lilikuwa na mzee, peke yake, injini imezima. Nilihamia kwake. Nilimvika sweta langu."

"Hukuniambia."

"Baada ya maziko hukupokea simu yangu tena."

Zabroni akasukuma sahani yake pembeni.

"Mzee yule alifariki palepale asubuhi," Leopoldi akasema. "Walipokuja kumchukua, walimchukua nalo. Mimi sina sweta, Zabroni. Nina miaka miwili sina."

Zabroni aliinua mkono wake polepole, akautazama ule mstari mwekundu kana kwamba ameuona siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Leopoldi akasimama. "Nipe hilo sweta."

"Kaka."

"Mimi ndiye mkubwa. Nipe."

"Nikikupa," Zabroni akasema kwa sauti ya chini, "nitakuwa nimekupa nini?"

Leopoldi alilishika begani akalivuta. Zabroni akamshika mkono. Walishindana hivyo, wanaume wazima, bila kelele, mpaka Leopoldi akaishiwa nguvu, akaweka kichwa kwenye bega la mdogo wake akalia. Nami nilisema tulichome moto. Zabroni akakataa. Akasema ni kazi ya mikono ya mama, na kama siku yake imeandikwa, haikuandikwa kwenye uzi.

Jumapili tulikwenda kanisani watatu. Waliimba wakiwa wamesimama bega kwa bega, Leopoldi sauti ya chini, Zabroni ya juu, kama zamani katika kwaya ya kambini. Walipoagana kwenye maegesho, Zabroni alisema, "Nisamehe ile habari ya theluji." Leopoldi alimfungia mkanda wa gari kama mtoto.

Siku kumi na moja baadaye, wakati wa mapumziko ya kazi, Zabroni alitoka nje kuota jua. Akaketi kwenye benchi. Wenzake waliporudi ndani, yeye hakuinuka. Daktari alisema ni moyo. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na hakuwahi kuugua hata shinikizo la damu.

Leopoldi aliendesha usiku kucha kutoka Buffalo. Alifika Louisville kabla yangu mimi niliye karibu. Yeye ndiye aliyemwosha, yeye ndiye aliyetupa udongo wa kwanza, na watu walipoondoka makaburini, alibaki amesimama hadi wenye kufukia wakamwomba apumzike.

Mfuko wa nguo kutoka hospitali wifi Angelika hakuweza kuufungua. Alinipa mimi. Nilikuja nao huku Hilliard, nikaukalia wiki tatu. Siku moja mchana, watoto wakiwa shuleni, nikaufungua; sweta lake la kijani lilikuwamo. Sweta la sufu haliingii kwenye mashine, litasinyaa. Nikajaza sinki maji ya uvuguvugu, nikalitumbukiza.

Nilikuwa nimeinama, mikono imo majini, nalisugua kola, ndipo nilipojitambua. Sikuweza kuendelea. Sikuweza kuliacha pia.

Nikalikamua. Nikalishika kwa mabega.

Kitu kikaanguka kutoka mkononi mwa sweta, kikagonga sinki.

Ni kijiwe, kikubwa kama punje ya haragwe, cheusi, laini kama mawe ya kijitoni, na mshipa mweupe umekizunguka. Nilimtumia Margareta picha. Alijibu neno moja, kwamba anatuombea.

Nilikiweka dirishani jikoni, panapopiga jua tangu asubuhi. Leopoldi alipokuja alikigusa, akarudisha kidole upesi, akakifuta kwenye suruali. Sasa ni miezi minne kipo hapo. Kila ninapoamka nakuta chini yake duara dogo la maji. Nalipangusa. Kesho yake lipo.