Kaburi la Mawe Juu ya Yiti

Maiti ilikuwa imelazwa ubavu wa kulia ndani ya kaburi la kale, katikati ya mifupa ya watu waliokufa kabla kijiji cha Yiti hakijakuwapo.

Inspekta Yaarub aliinama kwenye tundu la mawe. Jua la adhuhuri lilikuwa likiunguza mlima mzima, lakini hewa iliyomtokea usoni ilikuwa baridi, ikimpuliza kama pumzi ya mtu.

"Ni Thani," alisema Bakhit, mchunga mbuzi aliyeigundua maiti. Alisimama mbali. "Alikuwa akibomoa hapa apate mawe ya kujengea zizi. Tulimkataza. Wenyewe wa kaburi wamemchukua."

Yaarub aliingiza kichwa tunduni. Kisogo cha marehemu kilikuwa kimepasuka. Hata hivyo, uso ulielekezwa kibla na kufunikwa kwa leso ya Unguja. Alipoifunua, aliona vumbi usoni na viganjani, limepakwa taratibu kwa mkono.

Mtu alikuwa amemtayamamisha, amemtohara kwa vumbi badala ya maji.

"Wenyewe hawa hawakuijua kibla," alisema Yaarub. "Thani aliishi na nani?"

"Dada yake tu. Mahbuba."

Ndugu hao walikuwa wamevuka bahari kutoka Unguja mwaka 1964, kama Yaarub mwenyewe. Alimkuta Mahbuba mlangoni kwake, amejifunga leso yenye maua yale yale.

"Pande la pili la doti hiyo liko wapi, Bi Mahbuba?"

Aliitazama leso kama anayeiona leo.

"Unajua liliko."

"Kwa nini?"

"Mie nlitangulia na meli. Nlimwachia Thani mwanangu, Aflah. Miaka sita Thani ananambia mtoto kafa kwa homa, kamzika mwenyewe. Juzi kaja mgeni kutoka Unguja. Kanambia Aflah aliachwa pwani, mzima, analia. Mashua ilijaa. Thani kapanda peke yake."

"Ukamfuata mlimani."

"Nkamuuliza. Kanipa mgongo, anang'oa mawe yake, ananambia hayo yashapita. Nkaokota jiwe."

"Kisha ukamzika."

"Ndugu yangu yule, bwana. Na maji hayakuwapo."

Yaarub aliacha kuandika.

"Thani hakusema mtoto alimwachia nani?"

Mahbuba aliketi kizingitini.

"Alipoanguka alinitazama. Kasema, 'Nlimkabidhi...' Kabla hajataja jina, nlikuwa nshampiga mara ya pili."