Gari Lisiloshika Sumaku

"Bluu imetoka. Ifuate, usiiguse."

Sauti ya afande Norman ikakatika kwenye kisikilizio. Mukunde alikuwa tayari juu ya moto, pikipiki ya abiria, nyuma ya dereva, kofia ngumu kichwani, Glock kiunoni chini ya kitenge, wakiteremka kutoka Nyamirambo kwa mwendo wa kumkimbiza mtu roho. Kwenye simu yake nukta nyekundu ya gari ilikuwa inatembea vizuri tu.

Ilipofika mzunguko wa Sonatubes ikasimama.

Ikakaa hapo hapo.

Mukunde alifika, akaangaza huku na huku. Gari hakuna. Kulikuwa na madereva wa moto wakigombea abiria, na chini, kando ya mtaro, kile kifaa cha kufuatilia kimelala chali, sumaku yake ikitazama mbingu.

Jamani! Idara nzima ya ujasusi, watu na shahada zao, wamekaa wiki kupanga kazi hii, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba bodi ya Alpine A110 ni faiba tupu. Sumaku hainasi kwenye faiba. Jana Mukunde alikibandika mwenyewe, akakiona kimekaa, kumbe kilikuwa kimeng'ang'ania skrubu moja. Barabara imekitikisa kidogo tu, kimedondoka.

Na gari lenyewe halikuwa la mchezo. La Kifaransa, la mwaka sabini na moja, fupi hata mtu analitazama paa kwa juu, injini nyuma, lililokimbia rali kwenye theluji za Ulaya enzi zake. Armel, mlanguzi waliyekuwa wakimwinda, alilileta Kigali likiwa gofu, mafundi wa Nyamirambo wakalifufua likang'aa. Ndani ya bomba la chuma linalopita katikati ya sakafu, Armel alificha kisanduku cha wizi kinachoweza kuzima umeme wa nchi nzima, hospitali na yote. Wanunuzi walikuwa wanakingoja ng'ambo ya mpaka, na Norman aliwataka wanunuzi hao.

Lakini si hilo lililomkimbiza Mukunde. Dereva wa Armel alikuwa Hirwa, mdogo wake wa tumbo moja, jasusi mwenzake aliyepenyezwa kwa Armel mwaka mzima. Na asubuhi ile wamenasa simu ya Armel. Maneno mawili tu.

Dereva hatarudi.

Hirwa hakujua. Hakuwa na simu wala redio, maana Armel alimpekua kila siku.

"Afande, nimelipoteza," Mukunde alisema. "Lisimamisheni."

"Hapana. Tukilisimamisha, wanunuzi wanatoweka."

"Afande, ni Hirwa yule."

"Najua ni nani. Fuata amri."

Akamwambia dereva wa moto ashike barabara ya Bugesera, iendayo mpakani, akanyage. Walipofika Gahanga polisi akanyoosha mkono.

"Madamu, shuka. Leo iko umuganda."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi! Mukunde alikuwa ameisahau kabisa, na hofu ndiyo iliyomsahaulisha. Saa mbili ikigonga, nchi nzima inaweka magari kando na kushika majembe kwa kazi ya jamii hadi saa tano. Kitambulisho cha kazi hakuwa nacho, majasusi hawatembei nacho. Angejieleza vipi? Akapewa jembe.

Hapo ndipo alipoliona. Gari la bluu limeegeshwa kwenye mteremko, watoto wamelizunguka. Pembeni yake Armel, miwani ya Ray-Ban usoni, anachimba mfereji kwa adabu zote. Mtu huyo alizaliwa Kigali akakulia Brussels. Lugha hakuisahau hata moja. Kalenda ndiyo aliyoisahau.

Na bega kwa bega naye, Hirwa.

Mukunde akasogea, akachimba karibu nao. Mdogo wake alimtupia jicho, akalirudisha kwenye udongo kama hajaona mtu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa. Mukunde alitamani kumwambia neno moja tu, kimbia. Aliseme kwa lugha gani ambayo Armel haielewi? Bastola nayo, aitoe katikati ya akina mama na watoto wao mgongoni? Alichimba tu, machozi yakimlenga, akijifanya ni jasho. Hakuwa na mbele wala nyuma.

Kazi ilipokwisha watu waliketi kwenye nyasi kwa mkutano, kama kawaida. Mkuu wa mudugudu, yaani kitongoji kile, mama mmoja mchangamfu aliyeitwa Uwineza, akasema wageni wasimame wajitambulishe. Mukunde akapiga moyo konde. Alisimama, akawaambia wakazi wote kwamba kijana yule pale ni mdogo wake, mama yao amezidiwa hospitalini, amekuja kumchukua. Watu wakaguna kwa huruma. Uwineza akamwambia Hirwa aende, gari litasubiri. Mkono wa Armel uliingia taratibu ndani ya koti.

Hirwa alisimama, akajipangusa magoti.

"Huyu mama simfahamu," alisema. "Mimi sina dada."

Basi. Kazi aliyomfundisha mwenyewe, ameifanya vizuri mno.

Watu walimtazama Mukunde kwa mashaka. Mkutano ukafungwa kwa makofi. Alikuwa amebaki na nini? Viganja viwili vya udongo wa mfereji, mbichi, wa kunata. Kila mtu alipokuwa anarudisha jembe, alichutama nyuma ya gari kama anayefunga kamba za kiatu, akausindilia wote kwenye bomba la moshi.

Hirwa akawasha. Injini ikakohoa, ikazima. Tena. Ikazima.

Watu waliotoka kuchimba pamoja hawawezi kukuacha umekwama. Wakaja wote kusukuma. Armel, asiyetaka kuongeza tope kwenye viatu, akamtoa Hirwa akasukume, akakamata usukani yeye. Mikono yote miwili, maana mteremko ule hautaki mzaha.

Mukunde akatembea sambamba na dirisha. Akajiinamisha, Glock ndani ya upindo wa kitenge, mtutu wake ukimgusa Armel sikio.

"Mikono ibaki hapo hapo," alisema polepole. "Dereva anarudi."

Mukunde akamwita yule polisi, naye akaikuta bastola kotini mwa Armel. Alipomfunga pingu, wasukumaji wa nyuma walikuwa bado wanasukuma.

Kisanduku kilipatikana. Norman akanguruma sikioni mwake kwamba wanunuzi wameyeyuka, arudi ofisini mara moja, aje na bastola aikabidhi. Mukunde akachomoa kisikilizio, akakitia mfukoni.

Hirwa akamjia, uso umeiva kwa hasira.

"Mwaka mzima!" alisema. "Umeniharibia kazi ya mwaka mzima, dada yangu."

Ya simu ile ya Armel atamweleza baadaye. Kwa sasa alilisikia lile neno, dada, akalirudia moyoni. Akamrudishia Uwineza jembe lake, akashukuru, akasimamisha moto na kuondoka bila kugeuka nyuma.