Kula, Nalinda

Jumamosi tarehe 8 Machi, saa tano na dakika kumi asubuhi, Edinah Nyakerario alifungua mlango wa ofisi ya wakili Angwenyi mjini Migori, akamkuta mwajiri wake amelala kifudifudi sakafuni, kisogo kimepasuka.

Hakupiga mayowe. Mayowe yalikuja baadaye, tena ya majirani. Yeye, aliyekuwa karani wake kwa miaka sita, alifanya alichofundishwa na marehemu mwenyewe: simama, tazama, usiguse. Aliona muhuri mzito wa chuma ukiwa mahali pake kwenye rafu ya mlangoni, umepanguswa hadi unang'aa. Mafaili yalikuwa yametupwa huku na huku. Katikati ya chumba viti viwili vya wateja vilikuwa vimewekwa mgongo kwa mgongo, kimoja kikitazama mlango, kingine kikitazama meza. Kile kilichotazama mlango ndicho kibovu, kinacholia kwii mtu akiinuka. Chini ya kile kingine kulikuwa na punje mbili za maharage. Na bakuli la bati, ambalo wakili alikuja nalo kutoka jeshini, halikuwepo.

Shemasi wa kanisa la Sabato ndiye aliyekuwa amempigia simu: wakili hajaonekana kufundisha Shule ya Sabato, kulikoni? Tangu Angwenyi arudi kutoka vita vya Somalia, avue magwanda na kusomea sheria akiwa na mvi, hakuwahi kukosa hata Sabato moja. Edinah ni Mkatoliki, hakuwa na ibada siku hiyo, basi akaenda kuangalia.

Sajini Filister Adhiambo wa upelelezi alifika saa sita kasoro robo. Mwanamke mfupi, kalamu nyuma ya sikio, hana haja ya salamu ndefu.

"Ulimwona lini mara ya mwisho, dada?"

"Jana saa kumi jioni, afande. Ijumaa tunafunga mapema ili jua lisizame akiwa kazini. Aliniambia nitangulie, kuna mtu anamngojea."

"Mtu gani?"

"Hakusema."

"Alikuwa na adui?"

Ulimi hauna mfupa. Edinah akaeleza kilichotokea Alhamisi, jinsi Walter, mteja wao, mvuvi wa Sindo ambaye boti yake ilizuiliwa na kesi yake kuahirishwa mara ya nne, alivyosimama pale mlangoni akanguruma, "Wakili, utanijua mimi ni nani!" Kufikia saa tisa alasiri Walter alikuwa ndani ya seli, na Jumatatu angesomewa shtaka la mauaji.

Jumapili asubuhi Edinah hakwenda misa. Moyo ulimsuta. Alibeba chai na mandazi, akaenda kituoni kumtazama mtu ambaye yeye mwenyewe alimtia matatani kwa mdomo wake.

"Yawa, dada!" Walter alisema kupitia vyuma. "Umeniuza hivi hivi?"

"Nilisema nilichosikia."

"Nilipiga kelele, sikatai. Wewe boti yako ikifungwa mwaka mzima utaimba pambio? Lakini eti nimempiga kisogoni! Ningempitia wapi? Yule mzee alinipa mgongo siku gani? Hata faili alikuwa akilitafuta huku amenikodolea macho."

Edinah alishika vyuma vya seli, chai ikamwagika. Maskini, Walter alikuwa amesema kweli tupu! Meza ya Angwenyi ilitazama mlango. Kanisani alikaa benchi la mwisho. Hotelini alitafuta ukuta kwanza, menyu baadaye. Mtu wa namna hiyo angekaaje ameupa mlango kisogo, akila?

Ndipo akakumbuka. Miaka mitatu iliyopita alirudi ofisini kuchukua mwavuli aliousahau, akaona kupitia dirishani wanaume wawili wamekaa mgongo kwa mgongo. Mmoja alikuwa Angwenyi, anakula maharage. Mwingine alitazama mlango, mikono magotini. Kisha wakapokezana bakuli, wakabadilishana viti. Kesho yake wakili alimweleza bila kuulizwa.

"Kule tulikuwa watatu, Edinah. Mimi, Omosa na Mayaka. Mmoja akila, mwenzake anamlinda mgongo. Tulikuwa tukiambiana, 'Kula, nalinda.' Siku tuliyovamiwa nilimbeba Omosa begani. Wawili sikuweza. Basi kila tarehe saba Machi tunakula kwa ajili ya Mayaka."

Ijumaa ilikuwa tarehe saba Machi.

Edinah karibu ampige kikumbo Sajini Adhiambo koridoni. Sajini alimsikiliza hadi mwisho, akachomoa kalamu sikioni.

"Viti si ushahidi, dada. Tena mtu aliyebebwa begani amuue aliyembeba kwa nini? Nani mwingine alikuja ofisini Ijumaa?"

"Emmaculate, mjane wa huyo Mayaka. Saa sita mchana. Alitoka akilia."

"Na hilo ulilificha!"

"Nilikuwa nimeshamtia mmoja seli, afande. Niliogopa kumtia wa pili."

Emmaculate aliitwa, akafika saa nne na nusu, kitambaa cha kanisani kichwani, hasira usoni.

"Nimuue Angwenyi? Huyo ndiye pekee aliyenijali! Nililia kwa sababu ya ploti ya mume wangu pale Rodi Kopany. Miaka yote niliambiwa serikali imeichukua. Kumbe kuna karatasi inayosema niliitoa mwenyewe, na sahihi yangu iko chini. Mimi sijawahi kutia sahihi popote. Jumatatu wakili angefungua kesi Homa Bay."

"Dhidi ya nani?"

"Alikataa kumtaja. Alisema kwanza lazima ampe ndugu yake nafasi ya kuirudisha kwa hiari."

Wakarudi ofisini wote watatu. Edinah alipanga mafaili, akayahesabu kwa namba zake. Moja tu lilikosekana, nalo ni la Mayaka. Sajini akapiga simu mbili. Ya kwanza ilithibitisha kwamba pale kwenye ploti pamesimama maduka manne ya Clifford Omosa, koplo mstaafu. Ya pili ilimwita Omosa mwenyewe Migori, aje kuandikisha maneno machache kuhusu marehemu rafiki yake. Alipoondoka tu Rodi Kopany, askari wakaingia nyumbani kwake na kibali cha upekuzi.

Kabla hajafika, Sajini alimleta Walter na pingu zake, akamwambia akae. Walter alivitazama vile viti, akasonya, akakipita kile kibovu, akakaa kwenye kile kinachotazama meza, ana kwa ana na Sajini. Ndivyo ambavyo mtu yeyote angefanya. Sajini akamrudisha seli, akaviacha viti vilivyo.

Saa tisa kamili Omosa aliingia, suti nyeusi, macho mekundu.

"Ijumaa ulikuwa wapi?" Sajini aliuliza kutoka mezani.

"Dukani, Rodi Kopany, kutwa. Migori sijakanyaga tangu Krismasi. Afande, huyu alikuwa ndugu yangu."

"Pole sana. Kaa, Koplo."

Omosa akakaa. Hakukigusa kiti wala hakukitazama. Alikaa kwenye kile kibovu, uso mlangoni, mikono magotini, afisa anayemhoji akiwa nyuma yake.

Edinah akavuta pumzi, akaketi kwenye kiti kingine, mgongo wake ukaugusa wa Omosa.

"Kula, nalinda," alisema.

Alihisi mgongo ule ukikakamaa kama ubao. Wakati huohuo simu ya Sajini iliita. Alisikiliza, akaiweka chini.

"Wamelipata bakuli la bati nyumbani kwako. Limekwaruzwa namba tatu za jeshi. Limeoshwa vizuri, liko kabatini. Ungelitupa ziwani, Koplo, ningekuwa na kazi."

"Lina namba ya Mayaka," Omosa alisema taratibu. "Ningelitupaje?"

"Ardhi yake je? Mkewe je?" Edinah aliruka. "Bakuli unaliheshimu, mjane unamwibia! Angwenyi alikubeba begani, mwanaume wewe, nawe unampiga akiwa na chakula mdomoni! Kweli asante ya punda ni mateke."

"Maduka yale ndiyo maisha yangu yote. Akaniambia, rudisha, mimi nitakuombea msamaha kwa shemeji. Hakukasirika hata kidogo. Afadhali angenitukana. Alisema tule kwanza, tutaandika hati nikimaliza zamu yangu. Akachukua bakuli, akanipa mgongo. Muhuri ulikuwa pale rafuni, hatua moja tu mbele yangu."

Sajini alimfunga pingu, kisha akapiga simu kituoni. "Mfungulieni Walter. Na mwambieni karani wa wakili anakuja kumwomba radhi." Edinah aliitikia kwa kichwa, hilo lilikuwa deni lake.

Omosa alipoinuliwa, kiti kikalia kwii, chumba kizima kikasikia. Edinah alikitazama.

"Kiti hiki kililia Ijumaa pia," alisema. "Wakili asingekosa kukisikia. Mbona hakugeuka?"

Omosa alisimama mlangoni.

"Alisikia," alisema. "Aliniuliza, 'Kuna mtu?' Nikamwambia, 'Hakuna. Kula, nalinda.'"