Mazishi ya Baiskeli ya Uweso

"Posa?" Mzee Mselem alipapasa goti lake lililofungwa kitambaa. "Wewe uliyenigonga kwa baiskeli mchana kweupe, leo waniletea posa?"

"Shikamoo, mzee," alisema Uweso.

"Siitikii! Baiskeli nimeshazipigisha marufuku Ngamiani. Labda siku mimi mwenyewe niibebe baiskeli begani, ndipo utamwoa binti yangu Chiku!"

Mzee alikuwa mjumbe wa baraza la mji. Kwa heshima ya goti lake moja, magoti yote ya Ngamiani yaliteseka. Wauza maziwa wa Nguvumali walisukuma baiskeli zao juani hadi maziwa yakaganda njiani.

Chiku alimsubiri Uweso nyuma ya ua.

"Umemsikia baba? Akiapa huyo, harudi nyuma."

"Nami sitaki arudi. Kasema begani, sivyo?"

"Uweso! Uso huo naujua. Wataka kufanya nini?"

"Mazishi."

Jumamosi asubuhi, vijana wa Ngamiani na Mabawa walikuja kwa miguu, polepole, vichwa chini. Mbele Sadalla muuza maziwa, nyuma Fanueli na wenzake. Mabegani, kitanda cha kamba kilichofunikwa shuka jeupe. Walihuzunika tu, tena kwa ufundi mkubwa.

Mzee Mselem alikuwa kibarazani akinywa kahawa. Jeneza halipiti mtu mwenye adabu akabaki kitako. Aliweka kikombe, akasahau goti, akatia bega.

"Ni nani, wanangu?" alinong'ona.

"Kipenzi cha mtaa, mzee," alijibu Sadalla. "Walimkataza kupita njia hii. Hakuinuka tena."

"Masikini! Wakatili gani hao?"

"Wajumbe, mzee."

Fanueli akakanyaga shimo. Kitanda kikayumba.

Kring! Kring!

Mzee aliganda. Shuka likateleza, usukani ukachungulia.

"Uweso!"

"Labeka, mzee." Alikuwa upande wa pili wa kitanda, amenuna kama kadhi.

"Umenichezea maiti!"

"Nani kataja maiti, mzee? Sisi tumesema kipenzi cha mtaa tu. Bega umelileta mwenyewe."

Lakini mtaa ulishalipuka. Vigelegele! Wauza maziwa wakagonga kengele zao zote kwa pamoja.

"Mzee Mselem yu pamoja nasi! Ndiye kiongozi wetu!"

Mzee akatazama kulia, akatazama kushoto. Tangu ateuliwe, hakuna aliyewahi kumpigia kigelegele. Kifua kikajaa chenyewe.

"Mimi siku zote nimedai adabu tu!" alinguruma. "Kila baiskeli iwe na kengele, na ukingo wa barabara uwe wa wapanda baiskeli! Twendeni tukawaambie wakubwa!"

"Na kiapo, baba?" Chiku aliita kutoka dirishani.

Mzee akatazama bega lake. Kitanda kilikuwa bado kipo.

"Alete posa," alisema. "Lakini aje kwa miguu!"

Marufuku ikafutwa, ukingo ukapatikana. Posa ilikuja kwa miguu. Bibi harusi aliondoka kwa baiskeli, amemshika Uweso kiunoni, kengele zikirindima hadi Mabawa. Na aliyekimbia mbele akiwafungulia njia, bila kuchechemea hata kidogo, alikuwa mwenye goti.